Rudolf Koch: Mchonga herufi aliyesahaulika nyuma ya kazi yake

WATU wengi duniani wameiona kazi ya Rudolf Koch bila kulijua jina lake. Herufi nene zenye pembe kali zilizotumika katika jina la filamu ya Jurassic Park, mwaka 1993, zilitokana na Neuland, aina ya herufi aliyoibuni Mjerumani huyo miaka 70 kabla.

Koch alizaliwa Nuremberg, Novemba 20, 1876, mwana wa mchongaji wa sanamu. Baba yake alifariki naye angali mtoto, na ujanani akapelekwa Hanau kujifunza ufundi wa vyombo vya madini.

Mwaka 1906 aliajiriwa na Klingspor, kiwanda cha kusubu herufi za uchapaji mjini Offenbach, alikodumu hadi mwisho wa maisha yake. Huko pia alifundisha sanaa ya mwandiko. Vita Kuu ya Kwanza vilimpeleka jeshini, naye akarejea akiwa na afya dhaifu.

Neuland, maana yake Nchi Mpya, ilitoka mwaka 1923. Kinyume na desturi, Koch hakuchora kwanza. Alishika zana na kuchonga vyuma vya herufi kwa mikono yake, ukubwa mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana herufi ile ile hutofautiana kidogo kila ukubwa wake unapobadilika.

Umbo hilo lenye pembe linafanana na runi, maandishi ya kale ya Ulaya Kaskazini, ambayo nayo yalichongwa kwenye mti na mawe. Koch aliyafahamu vyema, kwani mwaka huo huo alitoa kitabu cha alama za kale, zikiwamo runi, kilichochongewa picha na mwanafunzi wake Fritz Kredel.

Hata hivyo, kazi ya fundi huyo Mlutheri mcha Mungu ilipewa maana asiyoikusudia. Wachapishaji na watangazaji wa biashara, hususan Marekani, waliitumia Neuland kwenye majalada na mabango yahusuyo Afrika na watu weusi, kana kwamba herufi zilizochongwa Ujerumani zilikuwa sura ya bara hili. Wahakiki wa usanifu wameikosoa tabia hiyo kuwa ni dhana potofu iliyovishwa vazi la herufi.

Koch alifariki Offenbach, Aprili 9, 1934, akiwa na umri wa miaka 57. Mwanafunzi wake Myahudi, Berthold Wolpe, alihamia Uingereza mwaka 1935 kukwepa utawala wa Wanazi. Herufi zake za Albertus zingali zikionekana kwenye vibao vya mitaa katika kitovu cha kale cha London.

Mwaka huo huo, kijana Hermann Zapf alizuru maonyesho ya kumbukumbu ya Koch mjini Nuremberg, akanunua vitabu na kujifundisha mwandiko. Baadaye akawa miongoni mwa wabunifu wa herufi mashuhuri zaidi wa karne ya 20.