Jina la Mazrui na Maisha ya Sheikh Al-Amin

Darasani kwetu hazipiti siku mbili bila ubishi wa majina: nani ana ukoo mkubwa na nani hana. Mimi, ambaye jina langu halijulikani hata mtaa wa pili, hunyamaza tu. Ndipo nikaamua kulichunguza jina moja linalojulikana Mombasa nzima, yaani Mazrui.

Jina hili lilikuja na watu kutoka Omani. Katika Kiarabu, mzizi wake ni ule wa kupanda mbegu. Kumbe ukoo uliotawala Mombasa kwa karibu miaka 100 una jina la shambani! Utawala wenyewe ulikwisha mwaka 1837, Sayyid Said alipouchukua mji. Baadhi yao walipelekwa uhamishoni, wengine wakahamia Gazi na Takaungu.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891, wakati ngome si yao tena. Babake, aliyekuwa mwanachuoni, alifariki yeye angali mdogo. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Basi mtoto huyu alirithi nini? Si kiti wala jeshi. Alirithi jina na elimu.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, maana yake matengenezo. Aliandika Kiswahili ili hata asiyejua Kiarabu afahamu. Aliwahimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, wasichana pia, elimu ya dini na ya dunia, lakini wasiige kila jambo la Mzungu. Baadhi ya makala yake yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Aliandika pia, kwa Kiarabu, historia ya watawala wa ukoo wake. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, mpaka alipofariki mwaka 1947.

Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alisifika ulimwenguni kwa kalamu. Alizikwa mwaka 2014 katika makaburi ya Mazrui, karibu na Fort Jesus. Mimi hupita hapo nikienda shule.

Sasa ubishi ukianza sinyamazi tena. Nawauliza wenzangu: jina lako umelipandia nini? Kwani mpanda ovyo hula ovyo, awe na ukoo au asiwe nao. Sheikh Al-Amin alipanda, na sisi tunavuna hadi leo.