Johann Ludwig Krapf

Johann Ludwig Krapf (11 Januari 1810 – 26 Novemba 1881) alikuwa mmisionari Mlutheri, mtaalamu wa lugha na mpelelezi kutoka Ujerumani. Anajulikana kwa kazi yake katika Ethiopia na pwani ya Kenya, na kama mmoja wa watu wa kwanza kuandika sarufi na kamusi ya Kiswahili. Anakumbukwa pia kwa sababu aliendelea na imani na kazi yake baada ya kufiwa na mke na watoto wawili.

Utoto na masomo

Krapf alizaliwa Derendingen, karibu na Tübingen, katika familia ya wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi kadhaa. Wakati huo alisoma sana Biblia.

Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamisionari huko Basel, Uswisi. Baada ya miaka miwili hivi aliacha kwa sababu alikuwa na mashaka kama ameitwa kweli kwa kazi hiyo. Alisoma teolojia huko Tübingen na kuhudumu kama mchungaji msaidizi. Baadaye mmisionari Msweden Peter Fjellstedt alimtia moyo, naye akajiunga na CMS, shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza.

Ethiopia

Krapf alitumwa Ethiopia mwaka 1837. Alijifunza Kiamhari, akakaa miaka kadhaa katika ufalme wa Shoa. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu kurudi Shoa mwaka uliofuata njia ilikuwa imefungwa. Wakiwa safarini nyikani Rosine alijifungua binti kabla ya wakati. Mtoto alibatizwa kwa jina Eneba, maana yake "chozi" kwa Kiamhari, akafariki muda mfupi baadaye.

Mombasa

Baada ya kushindwa kuingia tena Ethiopia, Krapf alielekea kusini. Alifika Zanzibar Januari 1844, na Sultani Said bin Sultan akampa barua ya kumtambulisha kwa maafisa wake wa pwani. Mwezi Mei yeye na mke wake walihamia Mombasa. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi Ali bin Modehin.

Mwezi Julai wote wawili walishikwa na malaria. Rosine alijifungua binti wa pili tarehe 6, akafariki tarehe 13. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Mtoto naye alifariki muda mfupi baada ya mama yake. Kufuatana na ombi la Rosine walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapita njia walione kaburi.

Katika siku hizo Krapf aliandikia viongozi wa CMS, lakini hakuomba kurudishwa nyumbani. Kwake kaburi lile lilikuwa dalili kwamba kazi ya Injili katika Afrika ya Mashariki imeanza, akawahimiza watume watu wengine. Aliendelea na tafsiri yake.

Rabai

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, na wote wawili walianzisha kituo huko Rabai kati ya Wamijikenda. Waliopokea imani walikuwa wachache sana. Wa kwanza kubatizwa alikuwa mlemavu aliyeitwa Mringe, aliyekuwa karibu kufa. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliona Mlima Kenya kutoka Kitui, lakini wataalamu kadhaa wa Ulaya hawakuamini habari za theluji karibu na ikweta.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani. Karibu na mto Tana msafara ulishambuliwa, na mwenyeji wake, mfanyabiashara Kivoi, aliuawa. Krapf alitoroka peke yake, akitembea usiku kwa njaa na kubeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Mwaka 1853 afya mbaya ilimlazimisha kuondoka.

Miaka ya mwisho na urithi

Krapf aliishi Korntal, Ujerumani. Mwaka 1862 alirudi pwani kwa muda mfupi kusaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Alifariki Korntal mwaka 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa London mwaka uliofuata.

Ndoto yake ya mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hadi magharibi ya Afrika haikutimia alipokuwa hai. Hata hivyo Rabai huhesabiwa kuwa chanzo cha Kanisa Anglikana la Kenya, na kaburi la Rosine lipo hadi leo upande wa bara wa Mombasa.