Robert Warington, Mlinzi wa Maji

Miongoni mwa askari wenzetu wanaokaa mjini katika nyumba za ghorofa, wako wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi makubwa ya kioo. Ni burudani njema kwa mtu aliyetoka lindo la usiku, lakini ina kazi yake. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Hivyo, bomba la ghorofani likikauka, mwenye tangi la lita 400 anayetaka kubadilisha maji yote hana budi kupandisha ngazini madebe 20 ya lita 20. Sisi wenyewe tulifanya hivyo Jumamosi moja. Tulimwaga maji yote, tukasugua mchanga na vioo kama tusuguavyo buti za gwaride, tukajaza maji mapya. Kufikia Jumatatu samaki wetu wote walikuwa wanaelea. Hasara hiyo ndiyo iliyotufanya tutafute habari za Robert Warington.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1807 mjini Sheerness, penye bandari ya manowari, kusini-mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa akiziuzia meli vyakula. Mwaka 1822, akiwa kijana wa miaka 15, alipelekwa kujifunza kazi kwa mwalimu wa kemia. Kuanzia mwaka 1831 hadi 1839 alikuwa mkemia wa kiwanda kikubwa cha bia jijini London. Mwaka 1841 aliwakusanya wanakemia wenzake wakaunda Chama cha Kemia cha London, naye akawa katibu wake kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata aliajiriwa na Chama cha Watengenezaji Dawa, akahamia na jamaa yake katika jengo la chama hicho, karibu na mto Thames.

Hapo, katikati ya jiji lenye moshi na masizi, ndipo alipofanya jaribio lililomletea sifa. Zama hizo aliyefuga samaki ndani ya nyumba alilazimika kubadilisha maji kila mara, kwa kuwa samaki huvuta oksijeni iliyomo majini na kutoa hewa ya kaboni. Wataalamu walikuwa wamekwisha kutambua kwamba mmea uliomo katika mwanga hufanya kinyume chake. Warington alitaka kujua iwapo samaki na mmea vyaweza kutunzana katika chombo kimoja, pasipo mtu kumwaga maji.

Mwezi wa Mei 1849 alichukua chombo cha kioo chenye nafasi ya galoni 12, yaani lita zipatazo 54, akakitia maji ya chemchemi hadi nusu. Chini aliweka mchanga, tope na mawe, akapanda mmea mmoja wa majini, kisha akatia samaki wadogo wawili wa rangi ya dhahabu. Juu alifunika kwa kitambaa cha melimeli kilichotandwa kwenye waya wa shaba, ili masizi yasiingie na hewa ipite.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baadaye majani makuukuu yalikufa na kuoza, maji yakachafuka, na utelezi wa kijani ukatanda kwenye kioo. Mtu mwingine angalimwaga vyote na kuanza upya, kama tulivyofanya sisi. Warington hakufanya haraka. Alijiuliza ni kiumbe gani kinachofanya usafi huo katika madimbwi, akatia konokono wa majini watano au sita. Konokono wakala uozo na utelezi, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwezi wa Machi 1850 alitoa taarifa yake mbele ya Chama cha Kemia. Baadaye alijaribu na maji ya bahari. Mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya matangi ya samaki kwa watu wote.

Hata hivyo, palikuwa na walinzi wengine katika chombo kile, ambao Warington hakuwajua. Katika jengo lile alikuwa akikua mwanawe, aliyeitwa pia Robert, mtoto wa miaka 10 jaribio lilipoanza. Mtoto huyo alijifunza kemia katika maabara ya baba yake. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, akichunguza udongo wa mashamba. Alionyesha kwamba vijidudu vya aina moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na vya aina nyingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Leo twajua kwamba kazi hiyohiyo hufanyika katika tangi la samaki. Amonia itokayo katika kinyesi ni sumu kali, nitriti nayo ni sumu, bali nitrati ina madhara madogo mpaka inapozidi.

Vijidudu hivyo hukaa hasa kwenye mchanga, mawe na chujio. Sisi tuliposugua kila kitu tuliwaondoa walinzi wote kwa mpigo mmoja, na klorini ya maji ya bomba ikamaliza waliosalia. Hakuna kamanda anayebadilisha lindo kwa kuiacha kambi tupu.

Yafaa tukumbuke kwamba Warington alikuwa na samaki wawili tu. Tangi lenye samaki wengi hulimbikiza nitrati, na dawa yake ni kubadilisha sehemu ya maji, tuseme robo moja, kila juma au kila baada ya majuma mawili. Robo ya lita 400 ni madebe 5, kazi ya mtu mmoja. Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani, na yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Chujio lisuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini, si chini ya bomba.

Robert Warington alifariki mwaka 1867 huko Budleigh Salterton, pwani ya kusini ya Uingereza. Sisi tulianza tena kwa samaki wawili na mmea mmoja, na kila Jumamosi twapandisha madebe 5.