Arthur Wharton: Kutoka Accra hadi Lango la Sheffield, na Mwisho wa Safari Mgodini

Na Mwandishi Wetu, Geita

Katika Kata ya Nyarugusu, wilayani Geita, kama ilivyo katika maeneo mengi ya ukanda wa dhahabu, soka na uchimbaji ni shughuli za vijana walewale: mchana wako kwenye maduara, jioni wako uwanjani. Ukanda huu umekwishaonesha kuwa mgodi unaweza kulea soka. Klabu ya Mwadui ya Shinyanga ilikulia kando ya mgodi wa almasi, na mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2021/22, George Mpole, alikuwa mchezaji wa Geita Gold. Vijana wengi huota kutoka mgodini kwenda uwanjani. Arthur Wharton, Mwafrika anayetambuliwa kuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa soka la kulipwa, aliipita njia hiyo kinyume: alianzia uwanjani, akaishia mgodini.

Wharton alizaliwa tarehe 28 Oktoba, 1865 katika eneo la Jamestown, Accra, nchi ambayo leo ni Ghana. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti aliyetokea kisiwa cha Grenada. Mama yake, Annie Florence Egyriba, alitoka katika ukoo wa kichifu wa Wafante. Malezi ya nyumba ya mchungaji ndiyo yaliyompangia kazi. Mwaka 1882 alikwenda Uingereza kuandaliwa kuwa mwalimu na mtumishi wa misheni, na baadaye akasoma katika Chuo cha Cleveland mjini Darlington, kaskazini mwa nchi hiyo.

Hata hivyo, michezo ilimvuta kuliko masomo. Alicheza kriketi, aliendesha baiskeli na alikimbia. Tarehe 3 Julai, 1886, katika uwanja wa Stamford Bridge jijini London, alishinda mbio za yadi 100, ambazo ni takriban mita 91, katika mashindano ya ubingwa wa riadha, akitumia sekunde 10 kamili. Muda huo haukuwahi kufikiwa katika mashindano hayo. Mwaka uliofuata alitetea ubingwa wake.

Wakati huohuo alikuwa amekwisha kuonekana langoni mwa timu ya Darlington, na umahiri wake uliwavutia Preston North End, mojawapo ya timu bora za wakati huo. Kazi ya mlinda mlango enzi hizo ilikuwa ya hatari. Sheria ziliwaruhusu washambuliaji kumsukuma kwa nguvu hata asipokuwa na mpira, naye aliruhusiwa kuudaka mbali sana na lango lake. Wharton alifahamika kwa kasi ya kutoka langoni na kwa ngumi nzito ya kuondoa mpira. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuning'inia kwenye mtambaa panya na kuunasa mpira kwa miguu, huku washambuliaji wakipitiliza hadi wavuni. Sifa hizo hazikumkinga dhidi ya ubaguzi, kwani baadhi ya magazeti ya wakati huo yaliitaja rangi yake kwa lugha ya dharau.

Mwaka 1887 Wharton aliisaidia Preston kufika nusu fainali ya Kombe la FA, ilikotolewa na West Bromwich Albion. Mwaka 1888 aliondoka ili aelekeze nguvu zake katika mbio za kulipwa. Msimu uleule ambao yeye hakuwapo, 1888/89, Preston ilitwaa ubingwa wa ligi ya kwanza kabisa ya Uingereza bila kupoteza mchezo, na ikachukua Kombe la FA bila kuruhusu bao. Uamuzi mmoja ulimtenga na kikosi ambacho historia inakikumbuka hadi leo.

Malipo kwa wachezaji yalikuwa yameruhusiwa rasmi nchini humo mwaka 1885. Mwaka 1889 Wharton alirejea langoni kwa mkataba wa kulipwa na klabu ya Rotherham Town, katika eneo la migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Mwaka 1890 alimwoa Emma Lister mjini humo. Aliendesha pia baa, njia iliyotumiwa na wanamichezo wengi wa wakati huo kujiongezea kipato, lakini mazingira hayo hayakumsaidia, kwa kuwa baadaye ulevi uliathiri maisha yake.

Mwaka 1894 alisajiliwa na Sheffield United. Klabu hiyo ilimsajili pia kijana William Foulke, mlinda mlango mwenye umbo kubwa, ambaye ndiye aliyechukua nafasi ya kwanza. Wharton alipata michezo michache tu. Mmoja wao, dhidi ya Sunderland mwezi Februari 1895, ulimfanya kuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika daraja la juu la ligi hiyo. Baada ya hapo alipita katika klabu ndogo zaidi: Rotherham tena, Stalybridge Rovers, Ashton North End, ambayo ilifilisika mwaka 1899, na hatimaye Stockport County, alikostaafu mwaka 1902 akiwa na umri wa miaka 36.

Alistaafu bila pensheni. Mwaka mmoja kabla, mshahara wa juu wa mchezaji nchini Uingereza ulikuwa umewekewa ukomo wa pauni nne kwa wiki, na chama cha wachezaji kilichodumu kiliundwa mwaka 1907, yeye akiwa amekwisha kuondoka uwanjani. Bingwa wa mbio wa zamani akawa kibarua wa kusafirisha makaa katika mgodi wa Yorkshire Main, kijijini Edlington. Alifariki dunia Desemba 1930, akiwa na umri wa miaka 65, akazikwa kijijini hapo katika kaburi lisilo na jina.

Kaburi hilo lilikaa hivyo kwa zaidi ya miaka 66. Mwaka 1997, kufuatia jitihada za watafiti na wanaharakati wa kupinga ubaguzi katika soka, liliwekewa jiwe lenye jina lake. Mwaka 2003 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Soka la Uingereza, na mwaka 2014 sanamu yake ilizinduliwa katika kituo cha taifa cha soka cha St George's Park. Heshima hizo zote zilikuja wakati yeye hayupo.

Tanzania inapojiandaa kuwa mwenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 pamoja na Kenya na Uganda, vijana wengi wataiona soka kama ajira, na ndivyo ilivyo. Ni ajira ya miaka michache. Mchezaji au mchimbaji mdogo anayepata fedha leo anayo fursa ambayo Wharton hakuwa nayo: Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hupokea pia wanachama waliojiajiri. Klabu, kwa upande wake, inaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama kubwa, nalo ni daftari la majina ya waliowahi kuvaa jezi yake.