Mary Shelley, Mtunzi wa Hadithi ya Kutisha

Mary alizaliwa London, Uingereza, tarehe 30 Agosti 1797. Baba yake, William Godwin, na mama yake, Mary Wollstonecraft, walikuwa waandishi wa vitabu. Mama alipigania haki za wanawake. Lakini hakuwahi kumlea binti yake. Alishikwa na homa ya uzazi, akafariki baada ya siku 11.

Mary alisoma zaidi nyumbani, katika vitabu vya baba yake. Husimuliwa kwamba alijifunza herufi kwa kupitisha kidole kwenye jina la mama yake, lililochongwa juu ya jiwe la kaburi.

Mwaka 1814, akiwa na miaka 16, alitoroka na mshairi Percy Shelley, mume wa mtu. Baba yake alikasirika sana. Mwaka uliofuata Mary alizaa mtoto wa kike. Mtoto huyo alikufa akiwa mchanga.

Mwaka 1816 walikwenda Uswisi, kando ya ziwa la Geneva. Mwaka mmoja kabla, mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka. Vumbi lake lilipunguza joto la jua, na Ulaya ikapata baridi na mvua nyingi. Mary na wenzake walikaa ndani. Rafiki yao Byron aliwataka kila mmoja atunge hadithi ya mizuka. Mary alikuwa na miaka 18.

Alitunga hadithi ya kijana msomi aitwaye Frankenstein. Kijana huyo alikusanya viungo vya maiti, akaunda kiumbe, akampa uhai. Kiumbe alipofumbua macho, Frankenstein aliogopa, akamkimbia. Kiumbe alijificha karibu na nyumba ya watu maskini. Aliwasikiliza wakifundishana, naye akajua kusema na kusoma. Alitaka kupendwa, lakini watu walimpiga na kumfukuza. Ndipo chuki ikamjaa, akawaua jamaa za Frankenstein. Wengi hudhani Frankenstein ni jina la kiumbe. Sivyo. Ni jina la yule aliyemwunda na kumtupa. Kiumbe hakupewa jina.

Kitabu kilitoka mwaka 1818 bila jina la mwandishi. Watu wengi walidhani kimeandikwa na Percy, ambaye sasa alikuwa mume wake wa ndoa. Jina la Mary liliwekwa mwaka 1823.

Mwaka 1822 Percy alikufa maji huko Italia. Watoto watatu walikuwa wamekwisha kufa. Alibaki mmoja, wa kiume. Mary aliandika vitabu vingine, akamsomesha mwanawe mpaka chuo kikuu. Alifariki tarehe 1 Februari 1851, akiwa na miaka 53.

Maswali
1. Mary alijifunzia wapi kusoma?
2. Kwa nini kiumbe aligeuka kuwa mwuaji?
3. Jadilianeni: Mzazi akimtupa mtoto, kosa la mtoto huyo ni la nani?