Bismarck na Pensheni ya Vibarua

Otto von Bismarck alizaliwa tarehe 1 Aprili 1815 huko Schönhausen, katika jamaa ya mabwana wenye mashamba ya Prussia. Wasomaji wetu wamjua kama Kansela aliyekuwa madarakani Februari 1885, Kaizari alipotoa hati ya kuziweka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami chini ya ulinzi wa Wadachi. Wakatoliki wamkumbuka kwa jambo jingine, nalo chungu: katika miaka ya 1870 Wajesuiti walifukuzwa Ujerumani na maaskofu wakatiwa kifungoni. Lakini ndiye huyo huyo aliyeifanya dola kubwa, kwa mara ya kwanza, iwawekee vibarua pensheni ya uzee na ulemavu.

Si huruma peke yake iliyomsukuma. Watu kwa maelfu walikuwa wameacha vijiji na kwenda kufanya kazi viwandani. Mtu aliyekatwa mkono na mashine, au aliyeishiwa nguvu, hakuwa tena na shamba wala jamaa wa kumlea. Alikimbilia posho ya maskini ya mji, na aliyeipokea alinyimwa haki ya kupiga kura. Wasoshalisti walizidi kusikilizwa. Mwaka 1878, baada ya Kaizari kulengwa kwa risasi mara mbili, Bismarck alipitisha sheria ya kuvipiga marufuku vyama vyao na magazeti yao. Fimbo hiyo haikutosha, naye alilijua hilo.

Ndipo zikafuata sheria tatu: ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali kazini mwaka 1884, na ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Alitamani hazina ya dola ibebe gharama, ili mfanyakazi aione serikali kuwa ndiyo imlishayo. Bunge halikukubali yote, na sheria ya tatu ilipita kwa shida, kura 185 dhidi ya 165.

Utaratibu wake wastahili kuangaliwa. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi. Kila juma tajiri alinunua stempu, akaibandika katika kadi ile, na nusu ya bei akaikata katika mshahara. Watu waligawanywa katika madaraja manne kwa kadiri ya mapato, na dola iliongeza mark 50 kwa mwaka katika kila pensheni. Aliyenyimwa aliweza kukata rufani mbele ya baraza lenye wajumbe wa wafanyakazi na wa matajiri pia. Hapo ndipo penye uzito, kwa maoni yetu: mzee hakuja tena kuomba sadaka, bali alikuja na kadi yake kudai alichokilipia.

Hata hivyo masharti yalikuwa magumu. Pensheni ya uzee ilianza katika umri wa miaka 70, nayo ilidai michango ya miaka 30. (Wako wasemao kwamba Bismarck alichagua miaka 65 kwa sababu ndiyo iliyokuwa yake, si kweli, kwani mwaka 1889 yeye alikuwa na miaka 74.) Vibarua wachache mno waliufikia umri huo. Msaada wa kweli ulikuwa ule wa ulemavu, uliotolewa kwa mtu wa umri wowote aliyechanga miaka mitano na ambaye hakuweza tena kupata hata theluthi hivi ya ujira. Mjane hakuwekewa pensheni yoyote. Alingoja hata sheria ya mwaka 1911.

Bismarck mwenyewe hakuwa madarakani sheria yake ilipoanza kazi. Kaizari kijana, Wilhelm wa Pili, alimwondoa Machi 1890, na pensheni za kwanza zikalipwa mwaka 1891. Alirudi Friedrichsruh akaandika kumbukumbu zake, akisimulia kwa urefu habari za vita na wafalme, na sheria hizi hakuzipa nafasi ya maana. Alifariki huko tarehe 30 Julai 1898. Umri wa pensheni ulishushwa kuwa miaka 65 mwaka 1916, katikati ya vita.