Paul Robeson, Mwimbaji wa New Jersey Aliyeitafuta Afrika Katika Lugha

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hupendwa sana na wasanii, kwani humpa mchezaji matumaini kuwa jasho lake halitapotea bure mbele ya watu waliomlea. Jimbo la New Jersey, lililoko mashariki mwa Marekani baina ya majiji ya New York na Philadelphia, ni mfano mwema wa ukweli wa methali hiyo. Count Basie, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi, alizaliwa huko katika mji wa Red Bank mwaka wa 1904. Frank Sinatra alizaliwa Hoboken mwaka wa 1915, naye Sarah Vaughan akazaliwa Newark mwaka wa 1924. Wote watatu walicheza kwao na wakatuzwa hadi uzeeni.

Hata hivyo, jimbo hilohilo lilikuwa limekwisha kumzaa mtumbuizaji mwingine, mwenye sauti nzito kuliko ya Sinatra na elimu pana kuliko ya wote, ambaye alicheza kwao akapigwa mawe. Huyo ni Paul Robeson. Maisha yake yanatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu ya pekee: akiwa tayari ni mwimbaji na mwigizaji anayejulikana pande zote mbili za bahari ya Atlantiki, aliketi darasani mjini London akajifunza lugha hii tunayoisomea shahada.

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton. Babake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano alitoroka, akaelekea kaskazini, akasoma katika Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania na hatimaye akawa mchungaji wa kanisa. Mamake, Maria Louisa Bustill, alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1904, kabla Paul hajatimiza miaka sita, mama huyo alifariki kutokana na majeraha ya moto wa jiko. Babake naye alikuwa ameondolewa katika usharika wake wa Princeton, na ilimbidi afanye kazi za mikono ili awalishe wanawe. Baadaye familia ilihamia Westfield, kisha Somerville, miji ya jimbo hilohilo, ambako mzee alipata usharika mwingine. Katika makanisa hayo ndimo kijana Paul alimosikia nyimbo za kiroho zilizotungwa na watumwa. Aidha, babake alimfunza ufasaha wa kuzungumza, akimkosoa kila neno lililotamkwa ovyo.

Mwaka wa 1915 Robeson alishinda udhamini wa masomo wa jimbo akajiunga na Chuo cha Rutgers. Alikuwa Mwafrika wa Marekani wa tatu tu kusoma chuoni humo, na wakati ule alikuwa peke yake. Alipojitokeza kwa majaribio ya timu ya kandanda ya Kimarekani, wenzake walimshambulia wakamvunja pua, na mmoja akamkanyaga mkono kwa makusudi. Robeson hakukata tamaa. Alirudi uwanjani, na katika miaka ya 1917 na 1918 akateuliwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Darasani nako hakuachwa nyuma, kwani mwaka wa 1919 ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya mahafali wenzake. Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea sheria, huku akijilipia karo kwa kucheza kandanda ya kulipwa. Mwaka wa 1921 alimwoa Eslanda Goode, msomi aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali, na mwaka wa 1923 akahitimu.

Uwakili wake haukudumu. Katika ofisi alimoajiriwa, karani mzungu alikataa kuandika maneno anayosomewa na mtu mweusi. Robeson aliiaga sheria, akaligeukia jukwaa ambalo alikuwa ameanza kulionja. Mwaka wa 1924 aliigiza katika tamthilia za Eugene O'Neill. Mwaka uliofuata, akisindikizwa na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya tamasha mjini New York ambalo nyimbo zake zote zilikuwa za watu weusi. Nyimbo ambazo wengi walikuwa wakizidharau kama kelele za mashambani zilisimama zenyewe mbele ya hadhira ya mjini, bila kuazima utukufu kutoka kwa muziki wa Ulaya.

Mwaka wa 1928 Robeson alikwenda London kuigiza katika mchezo wa Show Boat, na wimbo wake kuhusu mto Mississippi ukawa kama jina lake la pili. Mwaka wa 1930 aliigiza Othello katika jiji hilo. Huko London ndiko alikokutana na Afrika. Alifahamiana na wanafunzi na wanasiasa waliotoka katika makoloni ya Mwingereza, miongoni mwao Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Jomo Kenyatta wa Kenya. Mkewe Eslanda alisomea anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski, profesa yuleyule aliyemfundisha Kenyatta. Mwaka wa 1936 Eslanda na mwana wao walisafiri hadi Afrika Kusini na Uganda, na baadaye akaandika kitabu kuhusu safari hiyo.

Robeson mwenyewe alichagua njia ya lugha. Katika miaka ya kwanza ya 1930 alijiandikisha katika taasisi ya Chuo Kikuu cha London iliyofundisha lugha za Mashariki na Afrika. Alijifunza Kiswahili, na akazichunguza lugha nyingine za Afrika, zikiwemo Kizulu na Kiyoruba. Katika makala aliyoyaandika mwaka wa 1934 alieleza kwamba katika Kiswahili alisikia mdundo na kiimbo vilivyofanana na usemi wa watu weusi waliomzunguka utotoni. Kwake, kujifunza lugha hizo kulikuwa kama kurejea nyumbani.

Mtaalamu wa isimu anaweza kuuliza maswali kuhusu ulinganisho huo, hasa kwa kuwa mababu wa Waafrika wengi wa Marekani walitoka magharibi na kati ya bara, si pwani ya mashariki. Lakini tukiishia hapo tutakosa kiini cha jambo. Wakati huo shule na magazeti ya Magharibi yalimwaminisha mtu mweusi kuwa Afrika haina lugha bali ina vilugha visivyoweza kubeba fikra nzito. Robeson alikwenda kujionea. Aliyoyakuta yalimshawishi kwamba lugha za Afrika zina utaratibu wake, upana wake na uwezo wa kueleza lolote. Kwa mtoto wa mtumwa ambaye lugha ya mababu zake ilikuwa imefutwa kwa mjeledi, huo haukuwa utafiti wa kujifurahisha. Ilikuwa ni kudai urithi.

Fauka ya hayo, elimu hiyo ilimpa kipimo cha kuihukumu kazi yake. Mwaka wa 1935 ilitoka filamu ya Sanders of the River, ambamo Robeson aliigiza chifu na Kenyatta akawa na nafasi ndogo kama mmoja wa machifu. Robeson alikuwa ameikubali kazi hiyo kwa kutumaini kwamba ingeonyesha heshima ya utamaduni wa Kiafrika. Filamu ilipokamilika ilikuwa imegeuka kuwa sifa kwa utawala wa Mwingereza. Aliikana hadharani. Tangu hapo alizidi kuchagua alichokiimba na alichokiigiza, na hata maneno ya ule wimbo wa mto aliyabadilisha, unyonge ukaondoka ukaingia ukakamavu. Mwaka wa 1938 alikwenda Uhispania kuwaimbia wanajeshi waliopigana na majeshi ya Franco.

Vita vilipozuka mwaka wa 1939 alirudi Marekani, na miaka michache iliyofuata ilikuwa ya neema. Mwaka wa 1941 yeye na Count Basie, wana wawili wa New Jersey, walirekodi pamoja wimbo wa kumsifu bondia Joe Louis, maneno yakiwa ya mwandishi Richard Wright. Mwezi wa Oktoba 1943 aliigiza Othello katika jumba la Broadway, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuishika nafasi hiyo huko akizungukwa na waigizaji weupe. Mchezo ulionyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imeifikia Broadway. Walipoupeleka mikoani, alikataa kuigiza katika kumbi zilizowatenga watazamaji weusi na weupe. Wakati huohuo aliliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, shirika lililopinga ukoloni na kuwatetea wachimba migodi wa Afrika Kusini.

Baada ya vita upepo ulibadilika. Serikali ya Marekani ilimwona adui yeyote aliyeusifu Umoja wa Kisovieti, na Robeson alikuwa ameusifu tangu alipouzuru mwaka wa 1934 akapokewa kama binadamu kamili. Mwezi wa Aprili 1949 alihutubia mkutano wa amani mjini Paris, na maneno yake yakaripotiwa kwao kwa namna iliyoyapotosha. Tarehe 27 Agosti mwaka huo, tamasha lake karibu na Peekskill, jimbo la New York, lilivunjwa na umati wenye ghasia. Lilirudiwa tarehe 4 Septemba mbele ya watu wapatao 20,000. Waliokuwa wakirejea makwao walivurumishiwa mawe magarini, na zaidi ya watu 140 wakajeruhiwa. Hiyo ndiyo tuzo aliyopewa mcheza kwao.

Mwaka wa 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zilimfungia milango, redio zikamnyamazia, na pato lake la mwaka likashuka kutoka zaidi ya dola 100,000 hadi elfu chache tu. Kenyatta alipokamatwa mwezi wa Oktoba 1952, rafiki yake wa London alikuwa naye kifungoni kwa namna yake, katika nchi isiyo na kuta lakini isiyompa ruhusa ya kutoka. Hata hivyo, sauti haina pasipoti. Mwezi wa Mei mwaka huo Robeson alikuwa amesimama juu ya lori mpakani mwa Marekani na Kanada, akawaimbia maelfu waliokusanyika pande zote mbili. Mwaka wa 1957 aliwaimbia wachimba migodi wa Wales kwa njia ya simu iliyopita chini ya bahari. Alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge mwezi wa Juni 1956 na kuulizwa kwa nini asihamie Urusi, alijibu kwamba babake alikuwa mtumwa, kwamba watu wake walikufa wakiijenga Marekani, na kwamba angebaki hapohapo na kudai fungu lake.

Haki haitendeki kwa marehemu tukimsifu bila kumpima. Robeson hakuwahi kuushutumu hadharani udhalimu wa Stalin, ijapokuwa mwaka wa 1949 alipokuwa Moscow alikutana na mshairi Myahudi Itzik Feffer, aliyekuwa kizuizini na ambaye aliuawa mwaka wa 1952. Katika tamasha lake huko aliimba wimbo wa Wayahudi wa Warsaw waliowapinga Wanazi, na wengi wanaiona hiyo kuwa ishara. Aliporudi Marekani alinyamaza. Huenda alichelea kuwapa silaha maadui waliomwandama. Lakini mtu aliyewataka wasanii wote wachague upande hawezi kuepuka swali kuhusu kimya chake mwenyewe.

Mwaka wa 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya imani yake ya kisiasa. Robeson alirejeshewa yake, akasafiri, akaigiza Othello tena mwaka wa 1959 huko Stratford-upon-Avon alikozaliwa Shakespeare, na mwaka wa 1960 akawaimbia wajenzi wa jumba la opera la Sydney. Lakini mwili na akili vilikuwa vimechoka. Mwaka wa 1961 aliugua vibaya mjini Moscow na akajaribu kujiua. Alirudi Marekani mwaka wa 1963, Eslanda akafariki mwaka wa 1965, naye akaishi miaka yake ya mwisho kwa dadake mjini Philadelphia. Alifariki tarehe 23 Januari 1976, akiwa na umri wa miaka 77.

Tuzo zilikuja, ila zilimkuta kaburini. Mwaka wa 1995 aliingizwa katika jumba la heshima la kandanda ya vyuo, mwaka wa 2004 sura yake ikachapishwa kwenye stempu ya Marekani, na mwaka wa 2019 Rutgers ikazindua uwanja wa ukumbusho wenye jina lake, miaka mia moja baada ya kuhitimu kwake. Kwa hivyo methali yetu haikusema uongo, bali haikutaja ni lini mchezaji atatuzwa.

Sisi tumerithi bila jasho kile ambacho Robeson alikivukia bahari. Yeye alikitafuta Kiswahili ukubwani, akiwa na shahada ya sheria mkononi na kumbi zikimsubiri, kwa kuwa aliamini kwamba asiyeijua lugha ya Kiafrika hana pa kusimama anapodai heshima ya Mwafrika. Anayeingia darasa la Kiswahili akiona haya kuulizwa anasomea nini, na amkumbuke mwanafunzi yule mrefu, mweusi, aliyekuwa akiyatamka maneno yetu polepole mjini London ili yamfae.